Karela, Uwatu na Vidonge vya Sukari

Msikilizaji, ile metformini unayomeza baada ya chakula ina asili ya mmea. Chanzo chake ni galega, mmea wa Ulaya, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo simlaumu anayechemsha uwatu au kukamua karela. Uwatu una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu; karela nayo huweza kuishusha.

Hofu yangu ni kuchanganya kimyakimya. Glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, hulisukuma kongosho litoe insulini. Ukiongeza juisi ya karela asubuhi, tena hujala, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: mikono inatetemeka, kijasho chembamba kinatoka, moyo unaenda mbio. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Siku ya kliniki, tafadhali, beba na ile chupa ya mitishamba. Mwambie daktari unakunywa kiasi gani na saa ngapi, apange dozi akijua.