Lango la Mji wa Makimbilio



Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, Mungu aliwaagiza Waisraeli watenge miji sita ya makimbilio, mitatu ng'ambo ya Yordani na mitatu katika Kanaani. Tusomapo habari hii twamfikiria mtu aliyeua pasipo kukusudia, anayemkimbia mlipiza kisasi. Jambo moja hutupita: miji hiyo haikuwa ya wana wa Israeli peke yao. Mgeni naye alikuwa na haki ya kuikimbilia.

Leo natazama mgeni wa siku zetu, huko Marekani, ambako wengi wetu tuna jamaa. Mwanamke hana hati ya ukaazi. Mumewe humpiga. Jirani amsihi aende polisi. Aende vipi? Mume amekwisha kumwambia, “Ukithubutu kuwaita, wewe ndiwe utakayerudishwa kwenu, na watoto utawaacha.” Hivyo hofu ya sheria yamlinda mvunja sheria. Mdhalimu wa namna hii hahitaji hata kufuli mlangoni.

Mwezi Oktoba mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria iliyoanzisha viza iitwayo U. Mgeni aliyetendewa jinai kubwa, kama kupigwa nyumbani, kunajisiwa, kutekwa nyara au kuteswa, akaumia sana mwilini au moyoni, naye akawasaidia wapelelezi, aweza kuomba ulinzi. Akikubaliwa, kwa kawaida hupewa miaka minne ya kukaa na kufanya kazi. Baada ya mitatu aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kanuni za utekelezaji zilichelewa hadi mwaka 2007. Hata hivyo ni sheria njema, nami sioni haya kuisifu.

Lakini miji ile ya kale ilikuwa na lango, na kitabu cha Yoshua chasimulia kwamba mkimbizi alijieleza hapo mbele ya wazee kabla ya kupokewa. Viza hii nayo ina lango lake. Ombi sharti liambatane na hati ya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu au ofisa mwingine wa namna hiyo, kuthibitisha kwamba mwombaji alitoa msaada. Sahihi ikipita miezi sita kabla ya ombi kupelekwa, haifai tena. Nayo sheria ya taifa haimlazimishi ofisa kuitia. Jimbo la California liliona kasoro hiyo, likaweka sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2016. Kwingineko, watu wawili wenye makovu yaleyale waweza kupata majibu mawili.

Aliyevuka lango hukuta foleni. Waathirika 10,000 tu hupewa viza hii kila mwaka, bila kuhesabu jamaa zao, na kwa muda mrefu waombaji wamezidi mno idadi hiyo. Wengine hungoja miaka na miaka.

Wewe mwenye dada huko, mwandikie. Mwambie atunze vyeti vya hospitali na namba ya jalada la polisi. Amwone wakili au shirika la msaada wa sheria kabla ya kupeleka ombi, maana likikataliwa huenda akaitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Asimlipe mtu yeyote anayedai kuiuza viza hii.

Na katika sala zetu za leo tuwakumbuke maofisa wanaoshika kalamu pale langoni, ambao majina yao hatutayajua kamwe.