Ukarimu wa Waarabu

Leo nataka kuwaelezeni habari za ukarimu wa Waarabu, kama nilivyoelezwa na vijana wawili wanafunzi, mmoja wa Omani na mwenzake wa Yordani.

Naliwauliza kwanza, kwa sababu gani mgeni asiyejulikana hupewa heshima kubwa namna ile? Yule wa Yordani akajibu, "Mwalimu, jangwani visima ni vichache. Mtu akifukuzwa hemani aweza kufa kwa kiu. Na kesho msafiri ni mimi." Kwa hiyo, kwa desturi ya kale, mgeni hulishwa na kulindwa siku tatu, wala haharakishwi kuulizwa haja yake.

Alama ya ukarimu huo ni kahawa. Hutiwa iliki, nayo huandikwa pamoja na tende. Mwenye kumimina hushika dele kwa mkono wa kushoto, na kikombe humpa mgeni kwa mkono wa kulia. Kikombe hakijazwi, hutiwa kadiri ya robo tu. Mgeni akikirudisha kimya, humiminiwa tena. Akikitikisa, maana yake imemtosha. Kijana wa Omani alisema kwamba wageni wengi hunywa mpaka wakachoka kwa kutoijua ishara hiyo.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Huko Yordani, wazee wakienda kuposa, au kutaka suluhu baada ya mtu kuuawa, mkuu wao hupokea kahawa akaiweka chini asiinywe. Hapo mwenyeji hufahamu kwamba pana haja. Akisema, "Kunywa kahawa yako," haja imekubaliwa. Asiposema, kikombe hukaa pale pale, nayo ni aibu kwa watu wote. Basi kikombe kidogo chaweza kuzuia damu isimwagike.

Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliitia kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Omani, Saudia, Katari na Falme za Kiarabu.

Sisi twasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Je, tu wachoyo kuliko wao? Sivyo. Mkulima anayo kazi ya kumshirikisha mgeni. Mchunga ngamia jangwani hana jembe la kumpa. Kila desturi ina asili yake katika nchi yake. Basi ukiona jambo geni kwa mwenzako, usicheke. Muulize, naye atakueleza.