Magonjwa ya Mlipuko Yadai Haki



Tumezoea kudhani kwamba magonjwa ya mlipuko ni shughuli ya madaktari na wauguzi peke yao. Leo tuyatazame kwa jicho la haki, tukijifunza kwa jirani zetu wa Kongo, maana mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Mwezi Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika Kivu Kaskazini. Hadi ulipokoma, Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa. Fedha na wataalamu walipelekwa, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Lilikuwa jambo jema, nasi twamshukuru Mungu.

Lakini katika nchi hiyo hiyo surua nayo ilikuwa ikiua. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo ya surua imekuwapo tangu 1963, na bei yake ni ndogo. Dawa ya kuwakinga watoto hao ilikuwapo, haikuwafikia. Ebola iliwatisha hata wakaao mbali, bali surua ya mtoto wa kijijini ilimliza mama yake tu.

Watu wa Beni na Butembo waliona tofauti hiyo. Kwa miaka mingi walikuwa wameuawa na wenye silaha, wala hawakupata msaada mkubwa namna ile. Hivyo wengi waliwatilia shaka wahudumu, na Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hatutetei ukatili huo hata kidogo. Lakini aliyeachwa peke yake siku zote hawezi kumwamini upesi mgeni anayemjia siku moja.

Basi, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya iwafahamu watoto wake wasiochanjwa, iwasindikize hadi zahanati. Pili, katika mikutano ya kijiji tuulize bila woga kwa nini dawa zimekosekana. Tatu, ugonjwa ukizuka, tushike maagizo ya wauguzi, wala tusiitenge familia ya mgonjwa.

Msamaria Mwema hakungoja mpaka hatari imfikie yeye mwenyewe. Nasi tufanye vivyo hivyo.