Kupatana Kwanza, Kupanda Baadaye

Mazungumzo ya wakulima wa mianzi na miti wa Kalehe, Kivu ya Kusini, mbele ya jamaa zilizokimbia vita na wakuu wa vijiji

  Wengine kati yenu mmeacha nyumba zenu mara mbili, hata mara tatu. Wengine mmepokea wageni na kugawana nao mihogo mpaka ghala ikabaki tupu. Sisi tunaosimama hapa ni watu wa pande zote mbili: wenyeji wa kilima, na wale waliokimbilia kilimani. Tunalima pamoja mianzi na miti katika vilima vya Kalehe, juu ya Ziwa Kivu. Kwanza tutawaelezea kazi yetu ya kila siku. Kisha tutasema jambo moja ambalo kazi hiyo imetufundisha: mti unahitaji miaka, na miaka inahitaji mapatano.

Siku yetu shambani

Tunaanza kazi jua likitoka, umande ungali kwenye majani. Wa kwanza kufika ni wenye zamu ya kitalu, ambacho wengi wetu tunakiita pepinyeri. Wanamwagilia miche ya grevilea, sedrela na kaliandra ndani ya sashe, wanang'oa magugu, wanatengeneza kivuli. Mwanzi hauna mbegu za kila mwaka. Aina nyingi huchanua baada ya miaka mingi sana. Kwa hiyo tunauzalisha kwa vipande. Tunakata mwanzi wa mwaka mmoja au miwili, vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, na kuvilaza katika udongo wenye unyevu. Mizizi ikishika, tunaupeleka mche shambani wakati mvua za Septemba zimekolea. Tunaacha mita tano kati ya shina na shina, kila upande. Hivyo hekta moja inapokea mashina 400.

Wengine wanapalilia. Katika mwaka wa kwanza na wa pili tunapanda maharagwe katikati ya mistari, kwa sababu tumbo halingoji mwanzi.

Wengine wanaingia vichakani kukata. Hapo panatakiwa akili kuliko nguvu. Mwanzi ukichipuka wakati wa mvua unafikia urefu wake wote kwa miezi michache, na baada ya hapo hauongezeki unene. Kijana akiuona anasema: umekwisha komaa. Bado! Una maji mengi ndani. Ukiukata sasa utajikunja na kupasuka. Tunangoja utimize miaka mitatu. Ili tusichanganye umri, tunautia alama ya rangi mwaka uleule unapochipuka. Tunakata wakati wa kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, juu kidogo tu ya kifundo kilicho karibu na ardhi, ili kisibaki kikombe cha kushika maji na kuozesha shina. Na hatukati yote. Mianzi michanga inayobaki ndiyo inayolisha mizizi ya kichaka.

Mianzi tuliyokata tunailaza mtoni kwa majuma kadhaa, tukiikandamiza kwa mawe. Ndani ya mwanzi mna wanga unaovuta wadudu, na maji yanauondoa. Mtu asiyefanya hivyo atajenga nyumba nzuri, lakini baada ya miezi ataona unga ukianguka kutoka darini, na nguzo zimeliwa ndani.

Saa sita mamama na vijana wa zamu wanaleta bugali na sombe, na siku ambazo wavuvi wamepata, sambaza. Chakula kinapikwa kwa matawi ya grevilea tuliyopunguza wenyewe. Mvua ikinyesha mchana, tunaingia chini ya paa na kusuka vikapu, nyungo na mikeka ya kuanikia mihogo. Wazee wanafundisha, watoto waliotoka masomoni wanatazama. Fito nyembamba zinakwenda kwa wenye maharagwe yanayopanda juu. Zilizo nene zinaegemeza migomba yenye mikungu mizito.

Jioni, kabla ya kuachana, tunakaa chini pamoja. Kama kuna neno, linasemwa siku ileile. Neno linalorudi mara nyingi ni la mbuzi: mbuzi wa jirani ameingia na kula machipukizi. Machipukizi yakiliwa, mianzi ya mwaka ule imekwisha. Tunauliza maswali matatu. Nani aliona? Hasara ni ya kiasi gani? Na tufanye nini ili jambo hili lisirudi? Mwenye mbuzi halipi franka. Anakuja kusaidia kujenga uzio. Sisi tunatoa mianzi ya uzio huo, na tunamruhusu kukata majani ya kaliandra ili alishe mbuzi wake nyumbani. Kwa njia hiyo jirani naye anapata sababu ya kulinda shamba.

Kwa nini tunapanda

Hamjasahau tarehe 4 Mei 2023. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, maji na matope na mawe vikashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ile ilikuwa nyingi kupita kiasi, na hatutawadanganya kwamba mwanzi ungeizuia. Lakini kilima kilichovuliwa miti kinaacha maji yateremke kwa kasi na kubeba udongo. Mizizi ya mwanzi haiendi chini sana. Inatandaa kama wavu na kushika kingo za mto. Kwenye mteremko mkali tunachanganya na miti yenye mizizi mirefu. Mikalitusi tunaiweka mbali na chemchemi, kwa maana inakunywa maji mengi. Na hakuna mti unaofanya mahali pa mto pawe mahali pa nyumba.

Sababu ya pili ni kuni. Mwaka 2023 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilieleza kwamba katika kambi za kandokando ya Goma lilikuwa likitibu wanawake wengi sana waliobakwa, na wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni. Mama anayepata kuni karibu na nyumba haendi msituni. Kwetu sisi, mti ulio karibu ni ulinzi.

Jambo gumu: udongo ni wa nani?

Sasa tuseme neno ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Mgeni anapofika, mwenyeji mwema anampa sehemu ya kulima. Anamwambia: panda maharagwe, panda viazi, usipande mti. Mgeni anaumia moyoni. Lakini tumsikilize pia mwenye shamba.

Kwa desturi ya Bushi na jirani zake, kuna bwasa na kuna kalinzi. Bwasa ni kupewa shamba kwa muda, kwa mazao ya msimu tu. Kalinzi ni kutoa ng'ombe au mali nyingine kwa mwami au mkuu wake, na kupata haki inayodumu, ambayo watoto wanairithi. Mti unafanana na kalinzi. Anayepanda mti anasema bila kufungua kinywa: mimi nitabaki hapa. Ndiyo maana mwenye shamba anaogopa, na usiku mmoja miche inang'olewa, na asubuhi makabila mawili hayasalimiani.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, na kwamba haki za kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Mwenye karatasi akashinda mwenye desturi. Mkulima mdogo, mwenyeji au mgeni, akapoteza. Halafu kuna vita. Januari 2025 mapigano yalifika Minova, na watu wengi walikimbia tena. Kila mara watu wanapokimbia na kurudi, swali hili linarudi pamoja nao.

Sisi tunafuata mambo matano kabla ya kuchimba shimo hata moja.

1. Tunakutana mahali penyewe, si ofisini. Mwenye shamba, anayeomba, majirani wa pande zote na mkuu wa kijiji wanazunguka mpaka kwa miguu.

2. Wanawake wanaitwa, wajane hasa. Ndugu zetu Batwa pia. Wengi wao walitolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1970, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili kama wao. Wasiitwe mwishoni kusikiliza yaliyokwisha amuliwa.

3. Tunatenganisha udongo na mavuno. Udongo na mashina ya mianzi vinabaki vya mwenye shamba. Aliyepanda na kutunza ana sehemu ya mianzi inayokatwa, kwa kiasi walichopatana na kwa miaka waliyoitaja.

4. Tunasema mapema itakuwaje mgeni akirudi kwao: nani atamlipa kazi yake, au nani atachukua nafasi yake.

5. Tunaandika. Karatasi inasomwa kwa sauti katika lugha ya kila mmoja, mashahidi wanaweka sahihi au kidole, na kila upande unabaki na nakala yake.

Mwanzi unasaidia mapatano haya, kwa sababu kukata mwanzi mmoja hakuondoi kichaka. Mwenye shamba anabaki na kitu, na mgeni anapata kitu. Lakini msidhani kwamba mwanzi wenyewe unaleta amani. Ukipandwa bila masikilizano utakuwa mpaka wa kupigania, tena mpaka mgumu kung'oa.

Neno la mwisho

Wakuu wetu, ninyi mnaijua mipaka ya zamani. Tunawaomba msiuze shamba moja kwa watu wawili, wala msimkatalie mgeni bila kumsikiliza. Jamaa zilizokimbia, tunawaomba msipande usiku ili mdai mchana. Vijana, mwanzi unataka miaka mitatu kabla ya panga. Anayewapa silaha anawaahidi mali ya kesho asubuhi. Mlinganishe.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani na katika baraza

Katika kijiji chetu, ni nani anayekatazwa kupanda mti, na kwa sababu gani?

Kama tukirudi kwetu mwaka ujao na kukuta mtu mwingine amepanda miti katika shamba letu, tutataka atutendee namna gani? Nasi tunawatendeaje wenye shamba hapa tulipo?

Ni kingo gani za mto tunaweza kuzipanda pamoja mvua za Septemba zikianza?