Mlango Ambao Kipindupindu Hakiufungi

Leo twendeni kwanza Dunga, hapa ufuoni Kisumu. Mama amempasua samaki, amempaka chumvi na kumlaza juu ya kichanja. Baada ya kitambo maji yanadondoka chini, wala hakuna aliyemkamua. Chumvi imeyaita maji yatoke katika nyama. Likumbukeni jambo hilo, kwamba maji huifuata chumvi, maana tutalirudia.

Miili yetu imejengwa kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli, na kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Tando 10,000 zikipangwa pamoja hukaribia tu unene wa karatasi moja. Hata hivyo huo ndio ukuta wa mji. Hewa tunayovuta hupenya yenyewe, lakini sukari na chumvi hazipiti ila kwa milango yake maalum. Wasomaji wa Nehemia watawakumbuka mabawabu wa Yerusalemu, walioamriwa wasifungue malango mpaka jua liwe kali. Seli nayo ina mabawabu.

Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, nasi watu wa ziwani tumekifahamu kwa uchungu. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 wagonjwa 14,275 walilazwa katika hospitali za Nyanza, na 547 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokunywa maji ya ziwa au ya kijito, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliohudhuria karamu za mazishi. Habari hiyo ilitunyamazisha. Ni sisi tunaoimba usiku kucha matangani, kisha tunanawa wote katika karai moja.

Kijidudu chenyewe hakiingii ndani ya seli za utumbo. Hukaa juu yake na kutoa sumu, na sumu ndiyo inayopenya. Ikishaingia hulazimisha mlango wa kutolea chumvi ubaki wazi. Chumvi humwagika utumboni na maji huifuata, kama kwa yule samaki wa Dunga. Mtu mzima aweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja. Aliyekwenda shambani asubuhi akiwa mzima aweza kuzikwa kesho yake.

Ndipo wengi wetu tuliposema: asipewe maji, yatamzidishia kuhara. Tulisema kwa upendo, na neno hilo limeua watoto. Kumbe upo mlango mmoja ambao sumu haiugusi. Bawabu wake huzipokea chumvi na sukari zikija pamoja, zimeshikana mkono kama bwana na bibi arusi, na zikiingia maji huzifuata ndani. Robert Crane, mwanasayansi wa Marekani, aliueleza mlango huo mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971 kipindupindu kiliwashambulia wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, nchini India, na maji ya kutundikia mishipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza sukari na chumvi zichanganywe katika maji, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Hawakuwa wauguzi, walikuwa mama na shangazi.

Mwenye kalamu aandike. Pakiti ya dawa ya maji ya chumvi na sukari kutoka zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Chumvi ikizidi ni hatari, na sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini yarudi utumboni. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Na wakati huohuo mtu mwingine atafute gari au baiskeli ya kumfikisha hospitali, naye mgonjwa aendelee kunywa njiani.