Mkia wa Swali katika Kiingereza na "Ndiyo" ya Mzungumzaji wa Kiswahili



Utangulizi

Naomba nianze kwa kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mwalimu wetu alipita kati ya madawati akikagua vitabu. Aliponifikia alisema, "You didn't bring your book, did you?" Nikajibu kwa adabu zote, "Yes, sir." Nilikuwa nakiri kosa: ni kweli, sikukileta. Yeye akasikia kinyume chake, kwamba nimekileta. Akaniamuru nikitoe, nami sikuwa nacho. Nikachapwa kwa makosa mawili: kusahau kitabu na kusema uongo. Kosa la kwanza lilikuwa langu. La pili sikulitenda, na ilinichukua miaka mingi ya kusoma isimu kuweza kueleza kwa nini.

Kipande kile, "did you", ndicho nitakachokiita mkia wa swali: kiulizi kifupi kinachobandikwa mwishoni mwa kauli ili msikilizaji aithibitishe au aikanushe. Hoja yangu ni moja. Darasani tunafundisha kwa bidii namna mkia huo unavyoundwa, lakini twasahau kufundisha namna unavyojibiwa. Na hasara iliyo kubwa zaidi imo katika jibu.

Uundaji wa mkia

Kiingereza sanifu hakina mkia mmoja unaofaa kila mahali. Msemaji sharti auunde upya kwa kila kauli, na kazi hiyo ina hatua nne. Kwanza, hutafuta kitenzi kisaidizi, au kitenzi "be". Vikikosekana, huazima "do". Pili, huhifadhi njeo ya kauli. Tatu, hugeuza kiima kuwa kiwakilishi kinachopatana nacho kwa nafsi, idadi na jinsia. Nne, kwa kawaida hugeuza uyakinishi kuwa ukanushi, na ukanushi kuwa uyakinishi. Ndiyo maana twapata "Amina is ill, isn't she?", "The boys can swim, can't they?", "Juma went home, didn't he?" na "You haven't eaten, have you?"

Zipo pia hali za pekee. "I am late" hufuatwa na "aren't I?", na "Let's go" hufuatwa na "shall we?" Maneno kama "never", "hardly" na "nobody" huifanya kauli ihesabiwe kuwa kanushi japokuwa kitenzi chenyewe hakikukanushwa, hivyo husemwa "Nobody came, did they?"

Juu ya hayo kuna kiimbo. Sauti ikipanda mwishoni, msemaji ana shaka na anauliza kweli. Ikishuka, amekwisha kuamini, na anachotaka ni kuungwa mkono tu.

"Sivyo" na ndugu zake

Tulinganishe sasa na Kiswahili: "Amina ni mgonjwa, sivyo?", "Juma alikwenda nyumbani, sivyo?", "Hamjala, sivyo?" Mkia wetu haubadiliki, kwa sababu haumrejelei Amina wala Juma, wala haukirudii kitenzi. Kiambishi "-vyo" hurejelea namna mambo yalivyo, yaani kauli nzima. "N'est-ce pas" ya Kifaransa na "nicht wahr" ya Kijerumani hufanya kazi kwa mantiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "You went to town, isn't it?" asidharauliwe. Ameihamisha mantiki timamu ya lugha yake. Mkia huo husikika pia katika Kiingereza cha India, na vijana wa London wana "innit" yao isiyobadilika. Hata hivyo, anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza sanifu hana budi kuzimudu hatua nne nilizozitaja.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Kazi nyingine ambazo Kiingereza huzifanya mwishoni mwa sentensi, sisi huzifanya mwanzoni. "Si ulikwenda Mombasa?" ni swali la mtu anayeamini kwamba safari ilikuwapo. "Eti umeoa?" ni la mtu aliyesikia habari kwa wengine. Kiingereza huweza kuikaribia maana hii ya pili kwa mkia usiogeuza uyakinishi: "So you've got married, have you?" Mfasiri anayetafsiri mikia yote hiyo kwa "sivyo" atakuwa amehifadhi swali na kupoteza msimamo wa muulizaji.

Mtego wa jibu

Sasa nafika kwenye kiini cha mhadhara. "Siyo" na "ndiyo" ni maneno pacha. Yote mawili yana "-yo" inayorejelea jambo lililokwisha kutajwa. Moja hulikataa, jingine hulikubali. Anayeulizwa "Hukumwona, sivyo?" akajibu "Ndiyo", maana yake ni kwamba kauli yako ni sahihi: sikumwona. "Yes" ya Kiingereza haifanyi kazi hiyo. Katika jibu la namna hii, "yes" huandamana na sentensi yakinishi, "Yes, I did", na "no" huandamana na sentensi kanushi, "No, I didn't", liwe swali limeulizwa kwa uyakinishi au kwa ukanushi. Jibu letu huipima kauli ya muulizaji. Jibu la Kiingereza hulitaja tukio lenyewe.

Tena, hata miongoni mwetu wapo wanaojibu "La, sikumwona". Kwa sababu hiyo, neno moja peke yake, bila kitenzi, halimwambii msikilizaji shahidi amekusudia nini.

Shuleni, mtego huu huzaa fimbo mbili. Mahakamani huzaa mambo mazito zaidi. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania huruhusu maswali elekezi wakati wa dodoso, na mkia wa swali ni chombo kinachofaa sana kwa kazi hiyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Wakili anauliza, "You did not see the accused that night, did you?" Mkalimani anasema, "Hukumwona mshtakiwa usiku ule, sivyo?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Mkalimani akitamka "Yes", na kumbukumbu ikaandikwa "Yes", asomaye kumbukumbu ile wakati wa rufaa aelewe nini? Shahidi amesema hakuona. Karatasi yaweza kusomeka kwamba aliona.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa ilibakiza nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapodai hivyo. Hatua hiyo inapunguza hatari ya ukalimani. Haiondoi utata wa "ndiyo" isiyo na kitenzi.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Walimu wa Kiingereza wafundishe mkia pamoja na jibu lake, kwa kulinganisha waziwazi na Kiswahili. Wakalimani na makarani wasiridhike na "ndiyo" au "la". Waombe jibu kamili lenye kitenzi, "sikumwona" au "nilimwona", na hilo ndilo liandikwe. Nanyi wanafunzi wa isimu, yakusanyeni majibu ya watu kwa maswali kanushi, pwani na bara, mjini na shamba, ili sarufi zetu ziyaeleze kama yanavyosemwa.

Mwalimu wangu yule hakuwa mtu mbaya. Alijua kuuliza, nami nilijua kujibu, lakini kila mmoja kwa sarufi yake. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtoto, mgonjwa au shahidi haadhibiwi kwa sababu ya sarufi.