Waalike Wasioweza Kulipa

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Luka, mlango wa 14, aya ya 12 hadi 14. Humo Bwana amwambia mwenyeji wake kwamba afanyapo karamu asiwaite matajiri ambao kesho nao watamwalika, bali awaite maskini na walemavu. Tena aongeza neno la ajabu: atakuwa na heri kwa sababu hao hawana cha kumlipa.

Ni kweli kwamba Bwana ataja malipo ya siku ya ufufuo. Lakini sisi wa Pap Onditi tumeonjeshwa kidogo heri hiyo hapa hapa duniani.

Si mbali na kanisa letu anakaa ndugu mmoja, mtu mzima, mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Mama yake amezeeka. Tulipatana, watu wanne wa kanisa, kwenda kila Jumamosi kumsaidia mama huyo kuteka maji, kufua, na kumwogesha na kumnyoa mwanawe. Tulijiona watu wema sana.

Jumamosi moja palikuwa na harambee, nasi hatukwenda. Hata neno hatukutuma. Tulisema, "Hatajua, yeye hahesabu siku." Juma lililofuata mama akatuambia kwamba mwanawe alikaa langoni tangu asubuhi, akakataa kula, mpaka giza likaingia. Tukaona haya. Naye alipotuona alitukimbilia akicheka, akatushika mikono mmoja mmoja, akamaliza, akaanza tena.

Siku ile tulifahamu. Tulidhani sisi ndio tunaotoa, kumbe tulikuwa tumepewa. Watu wengi hutungoja kwa sababu ya barua, au karo, au sahihi. Huyu alitungoja sisi wenyewe.

Hayo yamewapata wengine pia. Padre Henri Nouwen, Mholanzi aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Yale na Harvard huko Marekani, alihamia Kanada mwaka 1986, katika jumuiya ya L'Arche karibu na Toronto, ambako watu wenye ulemavu wa akili hukaa nyumba moja na wasaidizi wao. Jumuiya ya namna hiyo iko hata hapa Kenya, huko Nyahururu. Padre huyo alipewa kazi ya kumhudumia kijana aitwaye Adam, asiyeweza kusema. Kila asubuhi alimwogesha, akamnyoa, akamlisha. Mwanzoni aliogopa. Mwishowe alimwita Adam rafiki na mwalimu wake.

Hatusemi kwamba kazi hii ni nyepesi. Ziko siku ambazo ndugu yetu hukasirika na kumwaga maji yote, nasi twarudi nyumbani tumechoka. Furaha tunayoisema si kicheko cha kila siku. Ni raha ya kukaa na mtu ambaye kwake hatuna haja ya kuwa wakubwa.

Msikilizaji mpendwa, huenda kijijini kwako yuko mtu mzima aliyefichwa nyuma ya nyumba, ambaye watu humwita kwa ulemavu wake. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema ana haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdharau. Basi anzia hapo: uliza jina lake. Kisha muulize mama yake ni siku gani angependa kwenda sokoni bila wasiwasi. Usiahidi mengi. Lakini ukiahidi Jumamosi, nenda Jumamosi.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipomwacha ndugu yetu akingoja langoni. Utufundishe kuketi mezani pamoja na wale uliowaalika wewe, tupate heri yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.